Lenzi ya Kupigia Picha Nyuki: Pima Pua Kabla ya Kulipa

Lenzi yangu ya kwanza ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana, niliiuza kabla hata msimu mmoja wa maua haujaisha. Haikuwa mbovu. Picha zake zilikuwa kali, rangi zilikuwa safi, na kwenye ua lililotulia ilinipa kila nilichotaka. Ila mimi sikuinunua kwa ajili ya maua. Niliinunua kwa ajili ya nyuki, na muda wote niliokaa nayo sikupata nyuki hata mmoja aliyenisubiri nimfikie.

Asubuhi moja nilikuwa nimechuchumaa mbele ya mrehani uliochanua. Nyuki alikuwa anapanda shina, anaingiza kichwa kwenye ua moja, anatoka, anahamia la juu yake. Nikasogea taratibu, pumzi nimeibana. Kwenye kioo cha kutazamia alikuwa bado mdogo kama punje ya mtama, kwa hiyo nikaendelea kusogea. Mara ua lote likaingia giza: kivuli cha lenzi yenyewe kilikuwa kimemfunika. Nikasogea tena kidogo tu, ukingo wa lenzi ukagusa jani, shina likatikisika, na nyuki akaondoka zake. Nilibaki na picha ya ua tupu linaloyumba. Picha za namna hiyo nilizijaza folda nzima.

Kabla ya kununua nilikuwa nimeuliza swali moja tu: nikitaka mdudu aonekane kwa ukubwa wake wote, nitakuwa mbali naye kiasi gani? Muuzaji akanionyesha namba iliyoandikwa kwenye sanduku, umbali wa karibu zaidi wa kulenga, akasema huo ndio umbali kati ya lenzi na mdudu. Si kweli. Namba hiyo hupimwa kuanzia kwenye kihisi kilicho ndani ya kamera. Ukitoa unene wa kamera, ukatoa na urefu wa lenzi, kinachobaki kwa ajili ya nyuki, mwanga na kivuli kinaweza kuwa upana wa vidole viwili. Nilipomrudia muuzaji aliniambia nijifunze uvumilivu. Uvumilivu ninao. Nilichokosa ni sentimita kumi.

Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa kigezo hicho kimoja. Wapo wengi wanaolinganisha ukali wa pembe za picha na idadi ya vioo. Wasome hao ukitaka. Mimi nataka ujue pua ya lenzi itakuwa wapi nyuki akiwa anakutazama.

Namba ambayo sanduku haliandiki

Naiita nafasi ya pua: umbali kati ya ukingo wa mbele wa lenzi na mdudu, lenzi ikiwa imelenga kwa karibu kadiri iwezavyo. Watengenezaji wachache huitaja, na wakiitaja huwa imefichwa ndani kabisa ya kijitabu. Lakini unaweza kuikokotoa mwenyewe ukiwa umesimama dukani.

Juu ya kamera nyingi kuna alama ya kiduara kilichokatwa na mstari. Mstari huo unaonyesha mahali kihisi kilipo, na hapo ndipo vipimo vyote vya sanduku huanzia. Chukua umbali wa karibu zaidi wa kulenga, toa urefu wa lenzi, kisha toa umbali kati ya kihisi na pale lenzi inapofungwa. Kwa kamera za Canon EF umbali huo ni milimita 44, kwa Nikon F ni 46.5, kwa Canon RF ni 20, kwa Sony E ni 18, kwa Nikon Z ni 16, kwa mfumo wa L (wa Leica, Panasonic na Sigma) ni 20, na kwa Micro Four Thirds (kamera za kihisi kidogo za Olympus na Panasonic) ni kama 19.

Tuchukue mbili kwa mfano. Canon EF-S 35mm f/2.8 Macro IS STM (siyo niliyoinunua mimi) inalenga kuanzia milimita 130. Lenzi ina urefu wa kama milimita 56. Toa hizo, toa 44 za kamera, unabaki na milimita 30. Sentimita tatu. Canon wenyewe wameizungushia taa ndogo za LED mdomoni, maana kwa umbali huo lenzi inajizibia mwanga. Sasa chukua Sigma 150mm f/2.8 ya makro yenye kituliza mtikisiko: inalenga kuanzia milimita 380, urefu wake ni 150, toa 44, unabaki na 186. Karibu sentimita 19.

Zote mbili zinafika uwiano wa 1:1, yaani nyuki wa milimita 13 anaangukia kwenye kihisi akiwa na milimita 13 zile zile. Kwenye karatasi ya sifa zinaonekana ndugu. Mbele ya ua, moja inakutaka uweke kioo mahali ambapo jani, petali na kivuli chako vinagombania nafasi, na nyingine inakuacha nje ya kichaka kabisa.

Hesabu hiyo inafaa kwa lenzi ambazo haziongezeki urefu zikilenga karibu. Zipo zinazochomoza pua kwenda mbele, hasa za zamani, na kwa hizo nafasi halisi ni ndogo kuliko hesabu inavyosema. Kwa hiyo nenda dukani na rula. Zima fokasi otomatiki, zungusha lenzi mpaka mwisho wake wa karibu, ilaze rula mezani, sogeza kamera nzima mbele na nyuma mpaka milimita zionekane wazi. Mtu mwingine apime kwa rula ya pili kutoka ukingo wa lenzi hadi kwenye ile ya kwanza. Wakati huo huo hesabu milimita ngapi zinaenea katika upana wa picha. Kwenye kihisi kikubwa cha upana wa milimita 36, ukiona milimita 36 umefika 1:1 kweli. Kwenye kihisi cha APS-C, kilicho kidogo kuliko hicho, utaona kama 22 hadi 24, na kwenye Micro Four Thirds 17 na kidogo. Ukiona milimita 140 kwenye kihisi kikubwa huku lenzi imeandikwa makro ubavuni, rudisha kwenye kabati lao.

Kwa nini nyuki anahitaji nafasi hiyo

Jicho la nyuki ni mkusanyiko wa maelfu ya vijicho vidogo. Halioni undani kama letu, lakini linashika mwendo upesi sana, na kitu kikubwa cheusi kinachokua mbele yake hakimtulizi. Kivuli kinachompitia ghafla ndicho kibaya zaidi. Nyuki anayekusanya chavua hana haja ya kukuuma; anaondoka tu, na ua lako linabaki tupu.

Tena kuna mimea. Nyuki hakai juu ya meza nyeupe. Yumo ndani ya kishada, chini ya jani, upande wa pili wa shina. Ukiwa na sentimita tatu, kila kilicho mbele yake utakigonga kabla hujamfikia. Ukiwa na sentimita kumi na tano unaweza kupitisha macho katikati ya mashina mawili bila kuyagusa.

Halafu pumzi. Walinzi wa mlango wa mzinga hukasirishwa na hewa itokayo kinywani mwa mnyama, na wewe ukiwa nyuma ya lenzi fupi uso wako uko karibu nao kuliko unavyopaswa kuwa. Mmoja akichoma, harufu ya tahadhari inayotoka kwenye mwiba wake, ambayo pua ya binadamu huinusa kama ndizi mbivu, inawaita wenzake. Karibu na mzinga mimi situmii kitu chenye nafasi iliyo chini ya sentimita 15, nakaa ubavuni na sisimami kwenye njia yao ya kurukia.

Ninayoyaruka

Ukali wa picha siuzungumzii. Lenzi halisi ya makro karibu zote ni kali.

Namba ya f/2.8, yaani upana wa tundu la lenzi, isikuchanganye. Kwenye 1:1 mwanga unaofika kwenye kihisi ni kama wa f/5.6, na ukipiga kwa 2.8 hiyo sehemu inayoonekana wazi kwenye kihisi kikubwa ni kama theluthi ya milimita. Jicho litakuwa wazi, vipapasio vimefifia. Utapiga kwa f/8 au f/11, ambapo unapata milimita moja na ushee, na hapo lenzi zote zinalingana.

Kituliza mtikisiko ni kitu kizuri cha ziada. Kinatuliza mkono wako, hakimtulizi nyuki wala ua linalopeperushwa. Canon walipotoa lenzi yao ya 100mm L mwaka 2009 walisema wazi kwamba stopu nne za utulivu (kila stopu ni mwanga maradufu) zinabaki mbili ukifika 1:1. Muuzaji anayekuuzia kituliza kama dawa ya picha zilizofifia za nyuki anakuuzia kitu kisichotibu ugonjwa huo.

Ya kwanza: Sigma, na sifichi

Mimi ni mtu wa Sigma. Baada ya ile lenzi fupi nilinunua Sigma 150mm f/2.8 EX DG OS HSM ya mtumba, na siku ya kwanza kabisa nilimpata nyuki aliyetua ukingoni mwa alizeti akijisafisha. Mguu wa mbele wa nyuki una kijipengo kidogo cha mviringo, kama kitanzi, na kipapasio hupitishwa humo na kuvutwa ili chavua ing'oke. Nilimwona akifanya hivyo upande wa kulia, kisha wa kushoto, kisha kulia tena. Chavua ilikuwa imenasa hata kwenye vinyweleo vilivyoota juu ya macho yake, maana nyuki wa asali ana nywele mpaka machoni. Nilipiga picha kumi na moja na hakuhama. Sikuwa nimeongeza ujuzi wowote tangu juma lililotangulia. Nilikuwa nimeongeza nafasi.

Lenzi hiyo ilitoka mwaka 2011, ina uzito wa gramu 1,150 hivi, haichomozi ikilenga karibu, na inakuja na kola yake ya stendi. Kola hiyo ina thamani kuliko inavyosemwa: unailegeza, unaizungusha kamera kutoka mlalo kwenda wima bila kuhamisha stendi wala kumtisha mdudu. Inakubali pia konveta za Sigma, vile vipande vya kukuza picha vinavyofungwa kati ya lenzi na kamera. Hili watu wengi hawalijui: ukiweka konveta ya 1.4, umbali wa karibu wa kulenga haubadiliki, kwa hiyo unapata uwiano wa 1.4:1 na nafasi ya pua inabaki ile ile. Unapoteza stopu moja ya mwanga, ambayo flashi itairudisha.

Ubaya wake ni kwamba siku hizi unaitafuta kwenye mtumba. Kwenye kamera za Canon RF inafungwa kwa adapta ya EF ya Canon wenyewe, ambayo unene wake ni zile milimita 24 zinazokosekana, kwa hiyo nafasi inabaki 186. Kwa Sony ipo adapta ya Sigma, MC-11.

Utaniuliza kwa nini nisiweke juu ya orodha lenzi ndefu zaidi. Sigma 180mm f/2.8 OS inatoa sentimita 22 hivi, na Canon EF 180mm f/3.5L ya mwaka 1996 inafika karibu 25. Nafasi ni tamu kweli. Lakini Sigma hiyo ina gramu 1,640, na baada ya saa moja ya kumfuata nyuki mkononi bega linaanza kutetemeka. Canon ile haina kituliza na fokasi yake ni ya polepole. Na lipo jambo la flashi: mwanga laini unatoka kwenye karatasi nyeupe iliyo karibu na mdudu. Pua ikienda mbali, taa nayo inakwenda mbali, karatasi inakuwa ndogo machoni mwa mdudu, na mgongo wake unaanza kung'aa vidoa vyeupe. Sentimita 15 hadi 19 ndipo pazuri, unaufikia mwanga na nyuki hakufikirii. Kwa kereng'ende na vipepeo, wanaokimbia mapema zaidi, hizo ndefu nazikubali bila kusita.

Ya pili: familia ya 90 hadi 105

Hapa ndipo wanunuzi wengi wataangukia, na si pabaya. Kama unataka mpya na kamera yako ni ya Sony E au mfumo wa L, chukua Sigma 105mm f/2.8 DG DN Macro Art ya mwaka 2020. Inalenga kuanzia milimita 295, na ukitoa urefu na kamera unabaki na sentimita 14. Haina kituliza chake, lakini kamera nyingi za mifumo hiyo zinacho ndani. Kwenye mfumo wa L inakubali konveta za Sigma, kwenye Sony haikubali, na tofauti hiyo inanikera kwa niaba ya wenye Sony.

Kwa kamera za zamani zenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR), Tamron SP 90mm yenye kituliza, toleo la 2016 linalojulikana kwa namba F017, inatoa karibu sentimita 14 na haichomozi. Angalia namba hiyo vizuri, kwa sababu zipo Tamron 90 nyingi kabla yake, na ile ya 272E inachomoza pua hadi nafasi inashuka chini ya sentimita 10. Kwenye tangazo la mtumba zote zinaandikwa "Tamron 90 makro".

Canon EF 100mm f/2.8L IS, Nikon Z MC 105mm na Sony FE 90mm ziko sawasawa kwangu, sentimita 13 na kidogo kila moja. Ya Sony ina pete unayoivuta nyuma kuhamia fokasi ya mkono mara moja, jambo linalosaidia sana. Canon RF 100mm ya mwaka 2021 inapanda hadi 1.4:1, na kwa hiyo wengi wanadhani imeshinda ile ya zamani kwa kila kitu. Kokotoa: 260, toa 148, toa 20. Ukiwa kwenye uwiano huo mkubwa unabaki na sentimita 9 na ushee. Ukirudi 1:1 nafasi inapanuka, ila usidhani mpya maana yake ni pana.

Ya tatu: kihisi kidogo

Hapa nabadilisha hesabu kidogo. Kihisi cha Micro Four Thirds kina upana wa milimita 17.3. Nyuki wa milimita 13 kwenye 1:1 anajaza robo tatu ya picha, wakati kwenye kihisi kikubwa angechukua theluthi tu na ungehitaji 2:1 kumwona hivyo. Kwa hiyo M.Zuiko 60mm f/2.8 ya Olympus, ya mwaka 2012, yenye gramu 185 tu na sentimita 9 za pua, usiilinganishe na lenzi ya 1:1 ya kihisi kikubwa. Kwa nyuki yule yule unaishia nusu ya uwiano, na kadiri uwiano unavyoshuka pua inarudi nyuma. Nimeitumia kwa kuazima na mkono haukuchoka hata kidogo. OM System 90mm f/3.5 Macro ya mwaka 2023 inafika 2:1 ikiwa na gramu 453. Kama unaanza kabisa na huna kamera yoyote, njia hii ifikirie kwa dhati.

Za wadudu waliolala

Canon MP-E 65mm ya mwaka 1999 inapanda kutoka 1:1 hadi 5:1, haina pete ya fokasi, na ukifika 5:1 pua iko kama sentimita 4. Laowa nao wana 25mm inayoanzia 2.5:1 hadi 5:1, umbali karibu ule ule. Picha zake zinashangaza, lakini ni za nyuki wapweke alfajiri, wale madume wanaolala wameng'ata kijiti kwa taya, miguu ikining'inia. Nyuki anayefanya kazi saa nne asubuhi hutampata nazo. Usinunue hizi kwanza.

Za bei nafuu

Raynox DCR-250. Ni lenzi ndogo ya kubana mbele ya lenzi uliyonayo yenye filta ya milimita 52 hadi 67, na ukiifunga kwenye lenzi ya 200mm iliyolengwa mbali kabisa unapata kama 1.6:1 na nafasi ya sentimita 12 hivi. Pete za kurefushia zinafanya kazi, ila zinakula pua. Hayo yanatosha.

Wauzaji na neno "makro"

Hili lazima niliseme. Neno makro limekuwa pambo. Lenzi ya kuvuta inayofika 1:4, yaani nyuki wa milimita 13 anaangukia kwenye kihisi akiwa milimita tatu na kidogo, inaandikwa makro kwa herufi za dhahabu. Mteja anayeanza hana njia ya kujua. Ananunua, anarudi nyumbani, anapata kidoa cha kahawia juu ya ua, anadhani kosa ni lake. Wasomaji wameniandikia hivyo zaidi ya mara moja, na kila mara nikiwaomba wapime kwa rula jibu linakuwa lile lile.

Na nafasi ya pua, kwa nini isiandikwe? Ni namba moja. Wanaandika rangi ya pete, wanaandika jina la mpako wa kioo, wanaandika vioo vimepangwa katika makundi mangapi. Namba itakayoamua kama nyuki atakaa au ataondoka wanamwachia mteja aitafute kwa kutoa na kujumlisha. Kola ya stendi nayo, ambayo kwa lenzi nzito ya makro ni lazima, mara nyingi inauzwa peke yake kwa bei isiyolingana na kipande cha chuma na parafujo. Nimelipia moja, na bado inaniuma.

Kwenye mtumba mambo ni magumu zaidi, maana lenzi ikishaacha kutengenezwa wauzaji wanaipandishia bei kana kwamba imezeeka vizuri. Niliwahi kuahidiwa lenzi "safi kabisa", na nilipoimulika ndani nikakuta kuvu limetandaza nyuzi zake pembeni mwa kioo cha nyuma.

Flashi, kwa ufupi, kwa sababu lenzi peke yake haitoshi

Nyuki wa asali hupiga mabawa kama mara 230 kwa sekunde. Kasi ya shata ya 1/250, ambapo kamera nyingi zinakubali flashi, haiwezi kuyasimamisha. Kinachoyasimamisha ni mwako wa flashi wenyewe, ambao huwa mfupi zaidi kadiri unavyopunguza nguvu. Weka flashi kwa mkono kwenye 1/16 au 1/32, f/11, na karatasi nyeupe au kitambaa cheupe kikiinama juu ya pua ya lenzi. Huhitaji flashi pacha za makro zinazouzwa kwa bei ya lenzi nyingine. Flashi ya kawaida yenye kitawanya mwanga kipana inatosha, mradi nafasi ya pua ikuruhusu kukiingiza hicho kitawanya, na hapa lenzi fupi zinakwama tena.

Kofia ya lenzi ivue. Kofia ndefu hula sentimita kadhaa za nafasi uliyoilipia, na ukitumia flashi inaweka kivuli pale pale ulipotaka mwanga.

Fokasi otomatiki zinaendelea kuwa nzuri. Sony α7R V ya mwaka 2022 imefundishwa hata kutambua wadudu. Mimi bado naizima. Naweka lenzi kwenye 1:2, naegemea mbele na nyuma kwa kiwiliwili, nabonyeza jicho linapoingia kwenye uwazi. Kwa nyuki anayeruka 1:2 ni ukubwa wa kutosha, picha utaikata baadaye, na pua inarudi nyuma zaidi. Chagua ua moja lenye nyuki wengi ukae hapo. Nyuki wa asali katika safari moja hupenda kubaki na aina moja ya ua, kwa hiyo akiondoka kwenye kishada hiki mara nyingi anahamia cha jirani cha aina ile ile.

Ukikutana na 150 ya mtumba

Imulike kwa tochi kutoka nyuma ukitazama kwa mbele: nyuzi kama za buibui ni kuvu, achana nayo. Vumbi kidogo halina neno. Ifunge kwenye kamera yako, siyo yao, uwashe kituliza na usikilize; mlio mwembamba ni wa kawaida, kugonga-gonga si kawaida. Piga picha moja kwa f/2.8 na nyingine kwa f/22 uone kama vijembe vya ndani vinafunga na kufunguka bila kuganda. Zungusha fokasi mwisho hadi mwisho kwa mkono, isiwe na sehemu ngumu. Kisha toa rula yako, pima hizo sentimita karibu 19, na uhakikishe kola ya stendi imo kwenye mfuko, kwa sababu kuipata baadaye peke yake ni kazi nyingine kabisa.